Pangisha chumba, upunguze mizigo

Dar es Salaam imejaa nyumba za vyumba vinne zinazokaliwa na watu wawili. Watoto wameshaoa na kuolewa, wazazi wamebaki na sebule, chumba cha kulala na milango miwili mitatu inayofunguliwa siku ya usafi tu. Nyumba yenyewe ilijengwa kidogo kidogo kwa miaka, leo mfuko wa saruji, mwakani bati. Ukiwashauri wapangishe chumba, jibu huwa moja: watu watasema tumefulia.

Haya hiyo inawanyima zaidi ya kodi. Kukaa na mpangaji chini ya paa lako kunakufundisha kuishi na kinachotosha, tena upesi kuliko mawaidha.

Nyumba ya wengi

Wazee wetu hawakuona haya hiyo. Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke ilijengwa kwa ajili ya kukaa na watu: baraza mbele, korido katikati, vyumba pande zote mbili, na uani kuna jiko, choo na bafu vya wote. Mwenye nyumba alichukua chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Kina mama wengi, wajane na walioachika, wamelea na kusomesha kwa kodi hiyo.

Ni kweli kwamba taifa hili liliwahi kuitazama kodi ya nyumba kwa jicho kali. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kilichopingwa ni mtu kukaa mbali na kula jasho la wenzake. Lakini mwenye nyumba anayesubiri zamu ya bafu pamoja na wapangaji wake, anayejua nani anaumwa na nani kapoteza kazi, haishi kwa namna hiyo. Kodi yake ina sura ya mtu.

Chumba kinapotolewa vitu

Somo la kwanza huanza kabla mpangaji hajafika. Fungua kile kinachoitwa chumba cha wageni: magodoro mawili yaliyobonyea, runinga ya chogo, feni isiyozunguka, mabegi ya shangazi kaja yaliyojaa nguo za watoto ambao sasa nao wana watoto. Kabatini mna seti ya vyombo vilivyowekewa wageni wa heshima, na sahani bado zina karatasi katikati. Kila kitu kilihifadhiwa kwa sababu nafasi ilikuwepo. Nafasi ikipata kazi, inabidi uamue: hiki nakitumia, hiki apewe jirani, hiki kiuzwe. Wengi wakimaliza kugawa hawakumbuki hata walichogawa.

Somo la pili liko kwenye LUKU. Mkichangia umeme wa mita moja, kila pasi na kila friji ina mwenyewe, na mwenye nyumba hawezi kuwahimiza wenzake wabane matumizi huku runinga yake inaongea peke yake mpaka usiku wa manane. Maji ni hivyo hivyo: ndoo anayoimwaga mmoja ovyo, mwenzake ataikosa. Baada ya muda, kubana matumizi hakuhitaji tena kukumbushwa.

Kiasi kwa pande zote

Faragha hupungua, na wapo wapangaji wanaopiga chenga kila mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mkataba uwe wa maandishi, ofisi ya serikali ya mtaa ihusishwe, na mambo ya umeme, usafi wa uani na muda wa kufunga geti yasemwe siku ya kwanza. Ikiwezekana, kila chumba kiwe na mita yake ndogo.

Kiasi kinamhusu mwenye nyumba pia. Anayedai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kisha akaitumia kununua makochi mapya, amebadilisha mzigo mmoja kwa mwingine. Anayepokea kodi ya miezi mitatu na kuipangia umeme, maji na dawa za presha anapata utulivu ambao pensheni peke yake haimpi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miongoni mwao wamo vijana wanaoamka alfajiri Chanika na Kibamba kuwahi daladala za mjini, huku karibu na kazi zao kuna vyumba vinavyolaza magodoro. Kumpa mmoja wao chumba kwa kodi ya haki hakumshushi mtu hadhi. Kunamwondolea yeye safari ndefu na kukuondolea wewe vitu usivyovihitaji, na nyumba uliyoijenga kwa jasho inarudi kufanya kazi ya nyumba, yaani kukaliwa na watu.