Birika la Savage na namba ya breka kuu

Birika langu hapa Savage, Minnesota, linachelewa kuchemsha maji ya chai kuliko lile tuliloliacha Dar es Salaam, na kosa si lake. Ligeuze usome chini: wati 1500. La Dar lilipita 2000. Soketi ya kawaida ya Marekani ni ya volti 120, breka yake ampea 15 au 20, basi birika halina pa kutanukia.

Mzizi wa mambo haya ni taa za Edison. Alipowasha kituo chake cha kufua umeme cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, taa za enzi ile zilitaka volti 110 hivi. Shaba ilikuwa ghali, kwa hiyo akaja na mpango wa nyaya tatu: laivu mbili na nyutro katikati. Ukichukua laivu moja na nyutro unapata nusu ya volti. Ukichukua laivu zote mbili unapata volti zote. Mpango huo ndio unaoingia nyumbani kwangu hadi leo: 120 kwa taa na soketi, 240 kwa jiko, kiyoyozi na mashine ya kukausha nguo. Berlin walihamia 220 kabla karne ya 19 haijaisha, na kwetu Tanzania ni 230.

Juzi jirani yangu, Mkenya, aliniita. Kanunua gari la umeme, na fundi aliyemjia kamwambia, kabla hata hajafungua boksi la breka, kwamba lazima apandishe huduma ya umeme ya nyumba iwe ampea 200. Tukashuka beisimenti na tochi ya simu. Breka kuu ilikuwa imeandikwa 150.

Sikushangaa. Mwaka 1990 Savage ilikuwa na watu wasiofika 10,000. Kufikia 2000 walishapita 21,000. Nyumba nyingi ni za kipindi hicho, na hazifanani na zile kuukuu za Minneapolis zilizoanza na fyuzi za ampea 60. Zidisha 150 kwa 240: wati 36,000. Chaja ya ampea 40 inakula 9,600, tena usiku kucha, ndiyo maana kanuni zinataka iwekewe breka ya 50. Kama jiko na joto la nyumba ni vya gesi, huenda mzigo ukabebeka. Kwanza fundi apige hesabu ya mzigo wote, aandike kwenye karatasi. Na mara nyingine kinachopungua ni nafasi za breka tu, ampea zipo. Boksi dogo la pembeni linatosha.

Kupandisha huduma kwenyewe si kubadilisha boksi tu. Ni waya mnene kutoka kwa kampuni ya umeme, kitako cha mita, boksi, na eathi: fimbo za karibu mita mbili na nusu zinazopigiliwa ardhini (jaribu Januari, udongo ukiwa barafu). Kibali kinatakiwa, na mkaguzi lazima aje. Minnesota inamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo kufanya kazi yake mwenyewe kwa kibali, lakini mimi hapa nisingethubutu. Ukizima breka kuu, nyaya nene zinazoingia juu yake bado zina moto. Wa kuzizima ni kampuni ya umeme, kama ambavyo kule nyumbani huvunji lakiri ya TANESCO ukaanza kuchokonoa mita.

Fundi wa pili alipiga hesabu. Akafunga chaja ya ampea 16 kwenye breka ya 20. Kwa saa nane inaingiza uniti 30 na ushee, safari ya kilomita 150 hivi hali ya hewa ikiwa nzuri. Baridi ikikaza inapungua. Jirani anaendesha kilomita 50 kwa siku, kwenda na kurudi kazini. Boksi lake la 150 bado liko palepale beisimenti, nyuma ya baiskeli za watoto.