Je, Wajua? Familia ikihama, kigango hubaki

Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, hafi akasahaulika. Jamaa zake humchongea kigango: ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa na mchwa, wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichotiwa nakshi za pembetatu. Aghalabu kigango husimikwa marehemu anapowatokea jamaa ndotoni akidai haki yake, au maradhi yanapoandama mji. Hapo marehemu hunyweshwa tembo la mnazi na kuambiwa habari za nyumbani. Wafu wengine hupata koma, vijiti vifupi tu. Hata kaburini kuna vyeo.

Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, hata ukoo ukihamia shamba jingine. Mwiko huo wezi waliuona kuwa mwanya, wakidai vigango "vimetelekezwa".

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Haikuchukua muda vikaibwa. Miaka mingi baadaye vilionekana Marekani, kimoja katika Illinois State Museum, kingine katika makumbusho ya Hampton University. Picha ile ikawa ushahidi, na cha Illinois kikarudi kwa wenyewe mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30.

Vingine bado vimo mikononi mwa wakusanyaji wa sanaa. Ukiuziwa kigango kikuukuu, usinunue, kina wenyewe.