Likizo na Wajukuu: Bibi Naye Ajiandae

Mama mwenzangu, ikiwa una mtoto anayeishi ng'ambo, huenda simu ya namna hii imekwisha kukufikia au iko njiani: "Mama, safari hii ukija tutawapeleka watoto Disney." Mimi iliponifikia niliitikia "Amina" kabla sijajua naitikia nini.

Binti yangu anaishi Atlanta, Marekani, pamoja na mumewe na watoto wao watatu: msichana wa miaka 12, mvulana wa miaka 9 na kitinda mimba wa kike wa miaka 4. Kila Jumapili nilikuwa nikiongea nao kwa simu, na mazungumzo yenyewe yalikuwa haya: shikamoo Bibi, marahaba mjukuu wangu, hujambo, sijambo, kisha kimya, kisha mama yao anachukua simu. Kiswahili chao kiliishia hapo, nami Kiingereza changu nakitumia kwa uangalifu, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Nilikuwa na wiki sita tu za kukaa nao. Nilijiuliza kama watanikumbuka kwa lolote zaidi ya ile "marahaba".

Sasa, mahali penyewe ni wapi? Ni Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida. Kutoka Atlanta ni mwendo wa gari wa kilometa kama 700, zaidi kidogo ya Dar es Salaam hadi Arusha. Palifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na si bustani moja ya michezo bali nne: Magic Kingdom iliyoanza mwaka huo, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Eneo lote ni kiasi cha kilometa za mraba 100, na kwa kawaida watu hutoka bustani moja kwenda nyingine kwa basi au gari. Mgeni asiyejua hayo hudhani atazunguka kote kwa siku moja. Hata bustani moja hataimaliza.

Gharama zake si za mchezo. Tiketi ya mtu mzima kwa siku moja hupita dola 100, na bei hupanda au kushuka kufuatana na tarehe. Mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bure. Wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa, lakini punguzo lenyewe ni dogo, na akifikisha miaka 10 huhesabiwa mtu mzima. Kwa hiyo kabla ya kusema "Amina" kama mimi, kaa mezani na mwanao na mkwe wako, mhesabu. Ikiwa utachangia, sema utachangia kiasi gani. Ikiwa huna, sema pia, wala usione haya. Bibi hualikwa kwa sababu ni bibi.

Sisi tuliamua kuingia bustani mbili, Alhamisi na Ijumaa, ili Jumapili iwe siku ya ibada na mapumziko. Uamuzi huo ulikuwa mzuri. Kosa letu lilikuwa kuipanga Alhamisi kama watu wanaofukuzwa.

Tulianza Magic Kingdom, mwezi wa Julai. Mkwe wangu alikuwa ameandika karatasi yenye michezo kumi na minne na saa ya kila mmoja. Kufika mchezo wa tatu, ile treni ya gizani iitwayo Space Mountain, tukakuta kipimo cha urefu: asiyefikia sentimita 112 hapandi. Kitinda mimba wetu hakufikia. Hakuna aliyempima nyumbani, ingawa kumpima ni kazi ya dakika moja, mtoto akisimama kwenye mlango. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikamnunulia aiskrimu kumtuliza. Mama yake alikuwa amekwisha kumkataza vitu vitamu kabla ya chakula, akanitazama, nami nikamtazama, tukaambiana maneno machache ambayo hayakustahili kusemwa mbele ya watoto. Saa nane mchana mvua ya radi ikanyesha, kama inyeshavyo mara nyingi Florida majira hayo. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Yule mkubwa wa miaka 12 alikuwa hajasema neno tangu asubuhi.

Jioni, watoto walipolala, nilimwomba binti yangu radhi kwa ile aiskrimu. Hili nalisema kwa uzito, kwa kuwa naona ndipo bibi wengi tunapoteleza. Tumewalea hao wazazi, tukadhani tungali na kauli ya mwisho. Watoto ni wao. Uliza mapema: wale nini, walale saa ngapi, wakikosa nani anawakanya, simu zitumike au zisitumike. Ukipewa jibu usilolipenda, lifuate hivyo hivyo.

Kisha tukaichana ile karatasi. Kwa siku ya pili tulikubaliana kwamba mwendo wetu utafuata miguu ya mdogo kabisa na magoti ya mkubwa kabisa, na kwamba kila mtoto atachagua kitu kimoja tu asichokubali kukikosa.

Ijumaa tulikuwa langoni mwa Animal Kingdom kabla halijafunguliwa. Hapo asubuhi ni mali, maana jua halijachoma na wanyama hawajaenda kujificha kivulini. Tulikwenda moja kwa moja kwenye safari iitwayo Kilimanjaro Safaris: gari kubwa la wazi linalopita uwandani kwa muda kama wa dakika ishirini kati ya twiga, tembo, vifaru na simba, wote hai. Haina kipimo cha urefu, hivyo sote sita tulipanda pamoja, na wala Kilimanjaro haumo. Niliwaambia wajukuu kuwa mlima wenyewe nimeuona, wakanitazama kama kwamba wanakutana nami kwa mara ya kwanza.

Lakini lililotukuta kabla na baada ya gari hilo sikulitazamia. Ili uifikie safari hiyo unapita katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa miji yetu ya pwani kama Lamu. Kuta zimebanduka rangi kwa makusudi. (Sisi kwetu twahangaika kuzipaka, wenzetu wanalipa fundi azibandue.) Na maandishi yake ni Kiswahili! Duka la picha limeandikwa Duka La Filimu. Kibanda cha vinywaji ni Tamu Tamu. Mkahawa wa kahawa na mikate unaitwa Kusafiri, nami nilicheka hadi nikashika ukuta. Mvulana akauliza kwa nini Bibi anacheka. Nikamweleza kwamba hilo si jina la mkahawa, ni kama kuita mgahawa "Kutembea". Akacheka naye. Akaniuliza lile jingine lasemaje, na lile, na lile.

Kwa miaka tisa mtoto huyo alikuwa amenijua kama mtu ambaye lazima atafsiriwe. Sasa yeye ndiye aliyekuwa hajui kusoma, na mimi ndiye mwalimu. Hata dada yake mkubwa alitoa simu, akaanza kuyaandika maneno. Tulipoingia kutazama onyesho la nyimbo za Mfalme Simba, linalofanyika papo hapo Harambe, walikuwa tayari wanayajua majina yote ya wale wanyama kutokana na filamu ya mwaka 1994. Hawakujua kuwa ni maneno. Simba ni simba, na rafiki ni yule umpendaye. Na Pumbaa, yule ngiri? Nikawaonyesha kwa uso: macho yametoka, mdomo wazi, akili imehama. Huko ndiko kupumbaa. Mdogo alipumbaa mbele ya kila aliyepita hadi saa ya chakula.

Mchana tulikaa kivulini kwa saa nzima bila kufanya lolote. Chapati zetu tulikuwa nazo mfukoni, maana chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho mradi usibebe chupa za kioo, na maji ya barafu hutolewa bure ukiyaomba kwenye vibanda vinavyouza vinywaji. Hapo ndipo niliwasimulia juu ya kijiji cha kweli, Muheza, na siku mama yangu aliponipeleka Pangani kuiona bahari mara ya kwanza. Hawakuinuka mpaka nilipomaliza.

Wakubwa walipotaka kupanda treni ya kasi ya Mlima Everest, ambayo nayo yadai sentimita 112, tulitumia utaratibu ambao Alhamisi hatukuujua: baba anapanda na watoto wakubwa, mama anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila mama kurudia foleni ndefu. Unauomba kwa mhudumu aliye mlangoni pa mchezo. Mimi nilibaki chini kwa hiari yangu. Kiti cha magurudumu pia hukodishwa karibu na lango kuu. Siku ya kwanza nilikikataa kwa kiburi, siku ya pili nilikipanda, na mvulana aligombea kunisukuma.

Mambo mengine ni ya kufanya ukiwa bado nyumbani. Anza mapema kuomba viza. Kata bima ya afya ya safari, maana matibabu ya Marekani yanaweza kuifilisi familia kwa usiku mmoja, na wazee ndio tunaougua safarini. Beba dawa zako kwenye mkoba wa mkononi. Nunua viatu vipya mwezi mmoja kabla, uvizoee kwa kwenda navyo sokoni na kanisani. Ukiweza kuchagua wakati, epuka Krismasi, Pasaka na katikati ya majira ya joto. Sisi tulifungwa na likizo za shule.

Na wakati mwanao akijaza karatasi yake ya michezo, wewe jaza ya kwako: hadithi mbili tatu za ukoo, michezo ya kubashiri maneno, mambo ya kuzungumza kwenye foleni. Foleni ni ndefu, na foleni ndiyo sehemu kubwa ya siku. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo alimkumbuka bibi yake, Loisi, kwa jina. Nilikuwa nikimfikiria Loisi nilipokuwa nimesimama jua kali nikifundisha tofauti ya "tamu" na "utamu".

Nimerudi nyumbani sasa yapata miezi mitano. Jumapili iliyopita simu ililia, nikajiandaa kwa "shikamoo" na ule ukimya wake. Alikuwa mdogo. Akanisalimu, nikaitikia, kisha akavuta pumzi.

"Bibi," akasema, "leo mwalimu aliniuliza hesabu. Mimi nikapumbaa."