Mgeni na Jembe Lake: Ukaazi wa Wasanii wa Lubumbashi Ughaibuni

1. Utangulizi

Makala haya yananuia kufafanua dhana ya ukaazi wa kisanii na kuonyesha kwa nini thamani yake hutegemea ushirikiano. Kwa ukaazi wa kisanii hukusudiwa hali ambapo taasisi humwalika msanii kutoka mahali pengine, ikampa malazi, posho na nafasi ya kufanyia kazi kwa muda maalumu. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inagusa kiini cha jambo lenyewe. Msanii anayetembezwa tu hubaki mgeni. Anayepewa jembe huingia katika kazi ya wenyeji wake. Hata hivyo, yafaa kuuliza shamba ni la nani, na mavuno huenda wapi. Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Lubumbashi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kumbukumbu za Katanga ya kale imehifadhiwa Ulaya.

2. Ushirikiano wa awali

Kati ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha 101 kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Mazungumzo yao juu ya picha hizo yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, na kitabu kilichotokana nayo kilichapishwa mwaka 1996. Hapa mtafiti ndiye aliyekuwa mgeni. Yeye alileta kinasa sauti na maswali. Mwenyeji alileta brashi na hoja. Bila wa pili kusingekuwa na historia ya kusimuliwa, na bila wa kwanza maelezo ya mchoraji yasingehifadhiwa. Lakini picha zenyewe ziliingia katika hazina ya Tropenmuseum, Amsterdam. Mwanafunzi wa Kasapa, katika komini ya Annexe, anaweza kuyasoma maneno ya Tshibumba. Kuziona picha zenyewe humlazimu kusafiri.

3. Ukaazi wa Tervuren

Safari ya wasanii wenyewe kuzifuata hazina hizo inaonekana katika kazi ya mpigapicha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, na mwandishi Patrick Mudekereza. Wawili hawa walikaribishwa kama wakaazi katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, Tervuren, Ubelgiji. Matokeo yake yalikuwa maonyesho ya Congo Far West, yaliyofanyika humo mwaka 2011.

Baloji alizishughulikia kumbukumbu za msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire uliofika Katanga kati ya 1898 na 1900. Msafara huo ulikuwa na mchoraji, Léon Dardenne, na mpigapicha, François Michel. Rangi za mmoja zilionyesha mandhari, na kamera ya mwingine iliwaonyesha watu kama vielelezo vya kupimwa. Baloji aliziweka sura za watu hao juu ya mandhari za Dardenne. Kwa tendo hilo, mtu aliyekuwa kielelezo akawa tena mtu mwenye nchi yake. Mudekereza naye alivitungia maandishi vitu vya hazina ya makumbusho, ambavyo awali vilikuwa vimeelezwa kwa lugha ya orodha.

Faida ya ushirikiano hudhihirika hapa kwa namna mbili. Kwanza, mwandishi na mpigapicha hawaoni jambo moja: huyu huangalia kilichoonyeshwa, yule kilichonyamaziwa. Pili, mtunza hazina anajua kitu kimewekwa wapi na kiliingia lini, ilhali msanii anaijua nchi kilikotoka. Kila upande una nusu ya maarifa.

4. Marejeo nyumbani

Wawili hao hawakwenda Tervuren bila kuwa na mahali pa kurudi. Mwaka 2008 walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya Picha mjini Lubumbashi, ambayo ndiyo chimbuko la bienale ya sanaa ya mji huo. Jina lenyewe linastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Katika Kiswahili, neno picha hujumuisha mchoro, fotografia na taswira ya sinema. Hivyo huwakusanya chini ya nomino moja wasanii ambao lugha nyingine huwatenganisha. Kupitia bienale, wasanii wa nje nao hufika Lubumbashi, na aliyekuwa mgeni huwa mwenyeji.

5. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ukaazi wa ughaibuni haupimwi kwa umbali wa safari wala umaarufu wa mwaliko. Unapimwa kwa mambo matatu: msanii kufunguliwa ghala, na si ukumbi wa maonyesho pekee, kuwa na mwenzi wa kazi mwenye ujuzi tofauti, na kuwapo kwa chombo nyumbani cha kuyapokea matokeo. Sharti la tatu ndilo linalovihusu vyuo vikuu moja kwa moja. Nakala za picha, maandishi na mazungumzo zisipofika katika maktaba za Lubumbashi, mgeni atakuwa amelima shamba la watu na kurudi mikono mitupu.