Kuanguka kwa wazee

Kuanguka kwa wazee ni hali ya mtu mwenye umri mkubwa kujikuta chini bila kukusudia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na wengi wao wana umri wa zaidi ya miaka 60.

Mara nyingi husemwa ni uzee tu, lakini kwa kawaida sababu kadhaa hukutana: misuli ya miguu iliyodhoofika, mtoto wa jicho, ganzi ya miguu inayoletwa na kisukari, sakafu yenye maji, ndala zilizolika. Dawa za usingizi huongeza hatari, na vilevile baadhi ya dawa za shinikizo la damu: mzee akiinuka ghafla kitandani, shinikizo hushuka naye hupata kizunguzungu. Ndiyo maana kwenda chooni usiku, hasa choo kikiwa nje, kunahitaji uangalifu wa pekee.

Aliyewahi kuanguka ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena. Hata asipovunjika nyonga, hofu humfanya aketi kutwa, na misuli isiyotumika huzidi kulegea. Kwa hiyo kumkataza mzee kutembea, ingawa hufanywa kwa upendo, si kinga. Mazoezi ya kuimarisha miguu na ya kusimama bila kuyumba hupunguza hatari hiyo.