Samaki wa Ziwani na Bei Isiyotajwa

Sisi watu wa pwani tumezaliwa na harufu ya samaki puani, na hatuoni ajabu mwanamke kungoja mashua ufukoni na karai lake mkononi. Kwa hiyo nilipofika Dunga, karibu na mji wa Kisumu, alfajiri moja, nilijiona niko kwetu. Wavuvi walikuwa wakirudi na omena, samaki wadogo mfano wa dagaa wetu, ambao huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Kina mama walikuwa wamekwisha kujipanga.

Lakini ziko pwani za ziwa hili ambako fedha pekee haimpatii mama samaki. Kuna desturi iitwayo jaboya: mwanamke hufungamana na mvuvi mmoja, naye humwekea samaki, na juu ya fedha anazolipa, humpa na mwili wake.

Msomaji, najua utasema nini, kwani nami nilisema hayo hayo. Chuoni tulifundishwa kuiogopa zinaa tukiwa wadogo, nami nikakua nikidhani kila aangukaye ameangushwa na matamanio yake tu. Nikamwuliza mama mmoja muuza omena, "Mama, na maradhi huyaogopi?"

Hakukasirika. Akanijibu, "Mzee, nayajua. Dada yangu nilimzika mimi. Lakini nikikosa omena leo, kesho sina cha kupeleka sokoni, na Ijumaa deni la chama linaningoja."

Nikanyamaza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tazama hali yenyewe. Mbuta, yule samaki mkubwa aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, amekuwa mali ya viwanda na mawakala wenye magari. Kina mama wakabakiwa na omena. Wanunuzi ni wengi, mashua ni chache, na samaki wanazidi kupungua. Mwenye mashua na nyavu ni mwanamume. Mwenye njaa ya watoto ni mwanamke. Hapo nani atakayepanga bei?

Na mvuvi naye tumtazame. Huhama pwani hata pwani akiwafuata samaki, mke yuko mbali, na kila asubuhi ana fedha mkononi. Mtu alalaye juu ya maji, asiyejua kama atarudi salama, si rahisi kumtisha kwa maradhi yatakayomdhihirikia baada ya miaka. Na mwenziwe wa mashuani akifanya hivyo hivyo, yeye atajitenga vipi asichekwe?

Madhara yake si madogo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika Kenya nzima watu wazima wenye virusi vya Ukimwi walikuwa karibu 5 katika kila 100. Kisumu walikuwa zaidi ya 17, na Homa Bay zaidi ya 19. Jaboya si sababu pekee, lakini ni mlango mmoja ulio wazi.

Mlango huo unaweza kufungwa. Mwaka 2011, kina mama wa Nduru, huko Nyakach, walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wavuvi. Mambo yakageuka: mvuvi akawa anafanya kazi kwa mama, na mama akachukua samaki wake kichwa juu. Waliyoyashindwa mahubiri ya miaka, mashua iliyaweza. Kwa bahati mbaya mbao huoza, na mwaka 2020 ziwa lilifurika likawahamisha watu makwao. Lakini somo limebaki.

Dawa za kutuliza virusi ziko, na azitumiaye sawasawa huishi miaka mingi na kumkinga mwenzake. Kupimwa na kutibiwa ni wajibu. Hata hivyo, dawa haimpi mtu mashua.

Na sisi je? Kwetu nako mama karanga hungoja ufukoni apate samaki wa kukaanga, naye hana chombo wala mtaji. Kumhubiria ni rahisi. Lakini zaka tunatoa, na karadha njema isiyo na riba tunaijua. Basi kabla hatujauliza mwenendo wa mama yule, tujiulize nani kati yetu aliyemkopesha fedha ya kununulia wavu.