Nyumba Yako Machoni pa Benki

Mfanyabiashara wa Butembo hujenga ghorofa kwa faida ya duka, bila deni la mtu. Ndiyo sifa ya mji wetu. Siku anapotaka kuiweka nyumba hiyo rehani, hupigwa na butwaa: ametumia dola 60,000, benki inaandika 28,000. Hajaonewa. Yeye anahesabu alichotoa mfukoni. Benki inahesabu itakachopata ikilazimika kuuza upesi.

Mthamini anayeikadiria nyumba huanzia kwenye karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parseli huthibitishwa kwa sertifika ya usajili. Fishi ya parseli, au barua ya kununuliana iliyosainiwa mbele ya chefu wa kata, huonyesha kwamba ulinunua. Rehani, hata hivyo, huandikishwa kwa msajili wa hati za ardhi, juu ya sertifika. Ikiwa bado ina jina la marehemu baba, warithi wamalize kwanza mambo ya urithi.

Ndipo mthamini huja kwenye parseli. Hupima mipaka na kuilinganisha na ramani ya kadasta. Hukagua matofali, mabati, maji na barabara. Butembo ni vilima, kwa hiyo hutazama mteremko na mifereji, maana mmomonyoko hula kiwanja. Huko Beni huuliza pia kuhusu usalama: tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, nyumba imara ya pembezoni inaweza kukosa mnunuzi.

Bei huitafuta kwa njia tatu: nyumba za jirani zimeuzwa kwa kiasi gani; kujenga upya kungegharimu ngapi, ukitoa uchakavu; na kodi ya wapangaji ni kiasi gani. Tuseme anafikia dola 40,000. Hukata tena kwa ajili ya mauzo ya haraka, zinabaki 28,000. Benki ikikopesha asilimia 70 ya hizo, utapata 19,600, mradi mapato yako yanatosha kulipa.

Basi, ndugu msomaji, shughulikia sertifika kabla hujahitaji mkopo, kwani ofisi za ardhi hazitafuata haraka yako. Omba kusoma ripoti ya mthamini. Akikosea vipimo, mwandikie benki mapema. Na usiweke rehani nyumba wanamolala watoto kwa biashara ambayo hujaipigia hesabu.